Kombe la Shule, Mkono wa Nyumbani

Mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia katikati ya mwaka 1998, juu kidogo ya kiwiko, katika mechi ya darasa la nne na darasa la tano. Mvua za El Niño zilikuwa zimeisumbua Tanga tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na zilipokatika ziliacha mfereji ulioukata uwanja wa shule kwa mshazari, kutoka pembeni mwa goli la juu hadi karibu na mwembe. Watoto waliuzoea. Waliuruka huku wakikokota mpira, na aliyeuruka vizuri alishangiliwa sawa na aliyefunga bao. Yeye alikuwa winga, ana miaka kumi, mwepesi kuliko wote wa rika lake. Siku hiyo aliruka, ukingo ukamomonyoka chini ya mguu wake, akaanguka kifudifudi mkono umenyooka mbele.

Mechi iliendelea. Mwalimu alikuwa peke yake na watoto wa madarasa mawili, hana sanduku la huduma ya kwanza, hana usafiri. Aliwaita wavulana wawili wakubwa akawaambia wampeleke kwao. Walimleta nyumbani Makorora kwa miguu, mkono umening'inizwa kwa shati la mmoja wao lililofungwa shingoni. Mama alikuwa uani akikaanga samaki wa kuuza jioni. Tangu dakika ile kila kilichofuata kilikuwa juu yetu. Shule ilikuwa na mpira, jezi, filimbi na ratiba ya mashindano. Mkono uliovunjika ulikuwa wa nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa karibu miaka ishirini sasa, na sehemu kubwa ya muda huo nimesimamia michezo. Jambo lile halijanitoka moyoni, kwa sababu nimeliona likijirudia kwa watoto wa watu wengine. Mtoto anayecheza vizuri ana wenyewe wengi: mwalimu mkuu, kata, wilaya, diwani anayekuja na mpira mpya siku ya fainali. Mtoto huyohuyo akiumia, anabaki na mama yake.

Siku ile jirani wa kwanza kuingia kwetu alishauri maji ya moto na chumvi. Wa pili alileta mafuta ya kuchulia. Shangazi yangu, aliyempenda mtoto huyu kuliko wote, alimkanda na kumchua huku akimsomea dua, mtoto akilia hadi sauti ikamkauka. Jioni akapelekwa kwa mzee aliyekuwa akiunga mifupa mtaa wa pili, akamfunga vijiti vya mianzi. Wazee hawa wana sababu ya kuheshimiwa. Mfupa wa mtoto uliovunjika bila kusogea huunga vizuri mikononi mwao, maana huunga vizuri hata ukiachwa utulie tu. Wanapokea kuku na fedha kidogo, tena wanakuruhusu ulipe polepole. Hawadai kadi, na wanamjua babu yako. Mama hakumpeleka mwanawe huko kwa ujinga. Alipiga hesabu: mauzo ya samaki wa jioni ile yangemtosha mzee, yasingeitosha hospitali.

Tatizo lilikuwa mahali mfupa ulipovunjikia. Mtoto anayeanguka na mkono ulionyooka huweza kuvunjika juu ya kiwiko, na hapo ndipo mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono hadi vidoleni unapopita, karibu kabisa na mfupa, pamoja na mishipa ya fahamu. Ncha ya mfupa ikisogea mshipa hubanwa. Uvimbe ukija hubanwa zaidi. Vijiti vya mianzi vikikazwa juu ya uvimbe, damu hukosa njia kabisa. Misuli ikikaa bila damu kwa saa sita hivi huanza kufa. Iliyokufa hugeuka kovu, kovu hujikunja, na vidole hujikunja pamoja nalo bila kurudi. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, aliueleza ulemavu huo mwaka 1881 na kuuhusisha na bandeji zilizofungwa kwa kukazwa mno. Hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ina maana kwamba kwa zaidi ya karne moja imejulikana ni nini kinachoua mkono wa mtoto na ni muda gani uliopo wa kuuokoa, na mtaa wetu mzima, wenye watu wazima waliomtakia mtoto mema, haukuwa na hata mtu mmoja aliyeambiwa.

Dalili zilikuwepo. Usiku wa kwanza alilalamika kwamba maumivu yamehama kutoka kwenye kiwiko yakaenda mbele ya mkono, na alipiga kelele kila aliponyooshwa kidole. Kulipokucha vidole vilikuwa baridi. Kisha maumivu yakapungua, akasema hahisi kitu, na nyumba nzima ikashukuru. Siku ya tatu vidole vilikuwa vimebadilika rangi. Mama akamfunga kanga, akapanda naye daladala kwenda hospitali.

Hospitali ile sitaitaja, na sina la kuilaumu. Vijiti vilifunguliwa, mkono ukapasuliwa ili damu ipite, baadaye ukafungwa hogo. Daktari alimwambia mama kwamba mkono umebaki, vidole vitajulikana mbele ya safari. Vidole viwili vilirudi kwa sehemu, vingine vikajikunja kiganjani.

Mwaka 1993 serikali ilikuwa imeanzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake. Watoto walio chini ya miaka 5 waliwekwa katika kundi la msamaha, na msamaha huo umeokoa maisha ya watoto wengi, nausifu. Lakini ona mtoto anavyokua. Akiwa na miaka 3 anaugua malaria na kuhara, na dirisha la hospitali linamfungukia bure. Akifika miaka 7 yuko shule, anaanza chandimu, anaanza kupanda miti na kukimbia mchakamchaka. Ndio umri wa kuvunja mkono, na ndio umri ambao msamaha umeshamwacha mlangoni. Kuanzia hapo hadi atakapopata bima, afya yake inategemea mfuko wa mzazi ulivyoamka siku hiyo.

Malipo ya hospitali yenyewe, nikiyakumbuka, hayakuwa ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Kulikuwa na kadi, eksirei, na plasta iliyobidi inunuliwe duka la dawa la nje kwa sababu ndani ilikuwa imekwisha. Vyote hivyo vina kiasi, unalipa vinaisha. Kilichotumaliza ni kile ambacho hakikuwa na risiti. Mama alilala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe, kanga chini na kanga juu, na kila usiku aliolala pale ni asubuhi ambayo hakwenda kupokea samaki wavuvi walipotua. Mtaji wa mama muuza samaki huzunguka kila siku, ukisimama, unaliwa. Aliula kwa nauli, kwa uji, kwa sabuni ya kufulia wodini. Aliporudi kwenye meza yake alimkuta mwanamke mwingine anauza mahali pake, na wateja wake walikuwa wamekwisha kumzoea yule. Hawakuwa na ubaya. Mtu anataka kitoweo leo.

Mama alikuwa anacheza upatu na wenzake wa mtaani. Aliomba apewe zamu ya mwanamke aliyekuwa mbele yake, na mwanamke yule akakubali, ingawa fedha zile alizitegemea kwa vyombo vya binti yake aliyekuwa anaolewa. Mara nyingi huwa ninamfikiria binti yule, ambaye hakuwahi kuuona uwanja wa shule yetu, akienda kwa mumewe na masufuria pungufu kwa sababu ya ukingo wa mfereji. Baba alikuwa kibarua wa mkonge upande wa Muheza, katika miaka ambayo mashamba ya mkonge yalikuwa yameanguka na mishahara ilichelewa. Alikuja na baiskeli, akarudi kwa miguu hadi stendi. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Ada ya muhula uliobaki haikulipwa, na mtu wa kubaki nyumbani na wadogo alihitajika. Nilirudi shule mwaka uliofuata, nikaanza kidato cha kwanza upya.

Hesabu kama hizo hazimo katika kitabu chochote cha hospitali. Mtafiti akija leo kuuliza gharama ya mkono ule, ataonyeshwa risiti kadhaa. Baiskeli haimo, meza ya samaki haimo, wala mwaka wangu.

Na kuna upande mwingine ambao fedha haziufikii kabisa. Sisi watu wa pwani tunakula kwa mkono wa kulia, kwenye sinia moja. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kila mtoto anazijua kabla hajajua kusoma. Mdogo wangu alipotolewa hogo, vidole vyake havikuweza kukunjuka kuchukua tonge. Mama alimwekea sahani yake na kijiko. Alikuwa mtoto wa miaka kumi ambaye jana alikuwa anagombania ukoko na kaka zake, leo anakaa pembeni na sahani yake akila kwa kushoto, na mgeni akiingia anaacha kula. Katika shughuli za watu, maulidi au harusi, alijifanya ameshiba. Salamu nayo ilikuwa mtihani. Mtu mzima akimpa mkono, alitoa wa kulia uliokunjika, na mtu mzima hushtuka kabla hajajizuia. Mtoto anauona ule mshtuko. Akitoa wa kushoto, wasiomjua walimkemea kwa kukosa adabu. Ustadhi wa chuoni ndiye aliyemaliza jambo hilo kwa wema mkubwa. Alimwita mbele ya wenzake, akawaambia kwamba mwenye udhuru hana lawama, na kwamba kuanzia siku ile yeyote atakayemcheka atajibu kwake. Alimsogezea pia juzuu upande wa kushoto wa marufaa ili afungue kurasa kwa urahisi. Sijui kama aliwahi kutambua alitufanyia nini.

Shuleni alijifunza kuandika kwa kushoto akiwa darasa la nne, umri ambao wenzake mwandiko ulikuwa umekwisha kukomaa. Alijua majibu, mkono haukumwahi. Mtihani wa darasa la saba una saa yake, na saa haiulizi unaandika kwa mkono gani. Hakuchaguliwa.

Timu nayo ilibadilika. Mama alimkataza uwanja, hilo linaeleweka. Lakini akina mama wengine watatu au wanne wa mtaa wetu nao waliwatoa watoto wao, kwa kuwa walimwona akipita na mkono ule kila siku. Mwaka uliofuata shule haikupata timu ya maana ya kwenda kata. Mtoto mmoja akiumia bila kuhudumiwa vizuri, mtaa mzima hujifunza kuuogopa uwanja, na wanaoogopa zaidi huwa ni wazazi wasio na akiba, kwa sababu wanajua mkono mmoja unaweza kula nyumba. Mchezo unabaki kwa watoto wa wenye nacho na kwa watoto ambao hakuna anayewauliza waliko. Hao wa kati, walio wengi, wanaitwa nyumbani.

Mdogo wangu alipokua, Tanga ilimwonyesha kazi ambazo kijana asiye na cheti anaweza kuzipata: kukata mkonge, kuvuta nyavu, kupakia mizigo bandarini, na baadaye bodaboda. Zote zinadai mkono wa kulia wenye nguvu. Hata pikipiki, moto na breki ya mbele viko kulia. Leo ni wakala wa fedha za simu, anahesabu noti kwa kushoto kwa kasi ya kushangaza, ana mke na watoto. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nikisikia mtu akisema "watoto huanguka, ni kawaida, watapona," huwa nakosa uvumilivu. Wengi watapona, ndiyo. Swali ni yule asiyepona analipiwa na nani, na hata yule aliyepona, wiki zake sita za hogo zililipwa na nani.

Nilipoajiriwa nilipangiwa wilaya moja ya Mkoa wa Morogoro, na kwa kuwa nilikuwa kijana nikapewa michezo. Ndipo nilipoanza kuiona UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, kwa ndani. Mashindano haya ni kitu kizuri, na ninasema hivyo kwa moyo wangu wote. Nimeona mtoto ambaye hajawahi kutoka katani kwao akienda mkoani, akilala kwenye darasa la shule ngeni na watoto wa wilaya nyingine, akarudi anaongea kwa kujiamini. Lakini ngazi zote hizo, kutoka kata hadi wilaya, mkoa na taifa, zina bajeti, na bajeti nilizoziandaa na kuzisoma zilifanana: jezi, mipira, usafiri, chakula, posho za waamuzi. Ukitafuta mstari wa mtoto aliyeumia, unapata "dawa", maana yake ni bandeji na dawa ya maumivu. Siku ya kuumia imehesabiwa. Kesho yake haipo.

Vitu vinavyowaumiza watoto wetu wala si vigumu kuvijua. Kiwanja chenye mawe na mashimo. Daruga jozi moja inayovaliwa na watoto watatu kwa zamu, mwenye mguu mdogo akijaza karatasi mbele. Mwenye daruga akicheza dhidi ya aliye peku. Mtoto wa miaka 9 akipambana na wa miaka 14 kwa kuwa wote wako darasa la tano. Mechi mbili kwa siku katika jua la saa saba ili ratiba iishe kabla fedha hazijaisha. Kila mwalimu wa michezo anayesoma hapa anaweza kuongeza yake.

Kwa wasichana kuna tabaka jingine. Netiboli inamtaka mchezaji adake mpira hewani, atue, asimame papo hapo, ageuke. Ni kazi nzito kwa goti, na wasichana wanaobalehe huumia kano za ndani ya goti zaidi ya wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla. Nilikuwa na mchezaji wa pembeni, darasa la sita, aliyesikia goti likilia siku ya nusu fainali ya kata. Aliumaliza mchezo. Alirudi nyumbani, akachota maji jioni ile, ndoo kichwani, na kesho yake, na keshokutwa. Hakumwambia mtu. Nilipogundua, wiki zilikuwa zimepita na goti lilikuwa linamwachia njiani. Nilimuuliza kwa nini amenificha. Alisema, "Madam, wakijua watanikataza mpira, na maji nitachota hivyohivyo." Mama yake nilipomfuata hakuuliza kwanza kuhusu matibabu. Aliuliza kama atachechemea, kisha akauliza nani atamwoa. Sikumwona kuwa mkatili. Alikuwa anataja gharama anayoijua yeye, na anaijua kuliko mimi.

Kichwa ndicho kinachonitisha zaidi, kwa sababu hakivimbi kama mkono. Wawili wanagongana wakigombania mpira wa juu, mmoja anakaa chini kidogo, anamwagiwa maji, anaambiwa wewe mwanaume, anarudi. Katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 2006 mvulana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt alirudishwa uwanjani katika mechi ya futiboli ya Kimarekani baada ya kugonga kichwa. Alipata jeraha kubwa la ubongo lililombadilishia maisha. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake: mtoto anayeshukiwa kuumia kichwa atoke, na asirudi bila kibali cha mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Sheria yenyewe haihitaji mashine wala fedha. Inahitaji mtu mzima mmoja aliyepewa mamlaka ya kusema "toka", na ambaye kocha, mzazi na diwani hawawezi kumbishia. Hilo tunaliweza kesho asubuhi.

Na kinga ipo, imepimwa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Jamhuri ya Cheki kwa wachezaji wa miaka 7 hadi 13, kuhusu mpango wa kupasha mwili moto uitwao 11+ Kids. Ni mazoezi saba, yanachukua kama dakika 15 hadi 20: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa goti lililokunjwa, kujiviringisha unapoanguka, na mengine ya namna hiyo. Watoto walioyafanya waliumia pungufu kwa asilimia 48, na majeraha makubwa yalipungua zaidi ya hapo. Mimi huyafanya na watoto wangu kwenye vumbi, kwa filimbi na mpira mmoja. Lile la kuanguka ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote: kunja mkono, viringika kwa bega, usiukinge mwili kwa mkono ulionyooka. Watoto hulipenda, wanaligeuza mchezo. Kila wanapoviringika mbele yangu namkumbuka mmoja.

Wapo wanaosema basi tupunguze michezo. Nchi hii ilishajaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa muda, kwa hoja ya taaluma. Watoto hawakuacha mpira. Waliucheza barabarani, kwenye viwanja vya nyumba zisizokwisha zenye matofali na nondo, bila mwalimu wala filimbi, na walioumia huko hawakuandikwa popote. Mtoto atacheza. Kilicho mikononi mwetu ni mahali atakapochezea na nani atakayesimama naye akianguka.

Kuhusu bima, mambo yamesogea. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwawezesha watu 6 wa kaya moja kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto, hadi mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ulipositishwa na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nimeona tofauti kwa macho yangu: mvulana wa darasa la tatu aliyevunjika mkono sehemu ya mbele, mwenye kadi, alifika hospitali ndani ya saa mbili, akafungwa hogo, wenzake wakalichora nyota na majina ya wachezaji wa Simba na Yanga, na baada ya wiki sita alikuwa golini tena. Mama yake hakupiga hesabu ya kuku. Alikwenda moja kwa moja. Kadi ile ilifanya kazi kubwa kuliko kulipa. Ilimwondolea mama sababu ya kusubiri, na kwenye kiwiko cha mtoto kusubiri ndiko kunakoua.

Hata hivyo bima hulipa hospitali. Haimlipi mama aliyefunga genge ili akakae kwenye foleni ya kliniki, hailipi bodaboda ya kwenda na kurudi mara nne, haimlipi dada aliyeacha shule abaki na wadogo. Nililisema hili kwenye kamati ya shule yetu miaka michache iliyopita, nikapendekeza tuwe na mfuko mdogo wa watoto wanaoumia katika michezo ya shule. Halikupita kirahisi, na haikuwa haki lipite kirahisi. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, michango ya lazima imekatazwa, kwa sababu nzuri. Na ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo sehemu yake ilikwenda kwenye vitabu. Baba mmoja, mtu makini, aliuliza kwa nini achangie watoto wa mpira wakati wake hachezi. Mama muuza mboga aliyekuwa amekaa nyuma alisimama. Alisema mwanawe alipovunjika mguu mwaka juzi alikopa kausha damu, mkopo wa kulipa kila siku, na kwamba mguu ulipona mwezi wa tatu ilhali deni lilikuwa bado linatembea mwezi wa tisa. Akakaa. Baba yule akasema, "Basi andika jina langu."

Tulikubaliana iwe hiari, kiasi kidogo kwa muhula, na kila mechi ya kirafiki tunayoiandaa mapato yake ya mlangoni yaingie humo. Tulikubaliana pia kwamba fedha zitoke siku ileile, kabla ya risiti, kwa saini ya mwalimu wa michezo na mwenyekiti. Na nikashikilia jambo moja hadi likaingia kwenye muhtasari: mfuko uhesabu siku za biashara za mzazi anayekaa na mtoto. Mtu wa kwanza kufaidika alikuwa bibi anayelea mjukuu wake na kuuza vitumbua asubuhi; mjukuu alitegua bega, bibi akapewa nauli na fedha za unga na mafuta ya kuanzia upya siku aliporudi kwenye meza yake. Mkaguzi wa halmashauri alipopitia daftari alitaka risiti ya malipo yale. Nilimweleza kwamba hakuna duka linalotoa risiti ya asubuhi ambayo bibi hakukaanga. Alisema kanuni haina kifungu cha matumizi ya namna hiyo na akatuandikia hoja. Tumemjibu kwa barua, tukaambatisha muhtasari wa kikao, na tumeomba kifungu kiandikwe.